Nikiandika Hapa, Nani Anasoma?

Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo watu wazima wengi hulisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemweleza daktari ugonjwa wa aibu. Husema, "Hii mitandao ya kijamii inanichanganya." Kisha huongeza haraka haraka, "Lakini mimi si mtu wa teknolojia," kana kwamba anaomba radhi.

Maneno hayo nimeyasikia kwa muuguzi aliyezalisha watoto mpaka akapoteza hesabu. Nimeyasikia kwa dereva wa lori ambaye gia boksi ikimkorofisha porini huishusha mwenyewe usiku, tochi mdomoni. Nimeyasikia kwa karani mstaafu wa mahakama ambaye hadi leo anakumbuka jalada gani lilikaa kabati gani. Watu wa namna hiyo ukiwaita wajinga utakuwa umejitukana mwenyewe. Kwa hiyo wanaposema chombo fulani kinawachanganya, naona haki ni kukikagua chombo kwanza, ndipo tumkague mtu.

Tuanze na ushahidi ambao karibu kila mmoja wetu anao mfukoni. Mwezi Machi 2007 kampuni ya Safaricom ilianzisha M-Pesa nchini Kenya, na mwaka uliofuata, 2008, huduma hiyo ikaingia Tanzania kupitia Vodacom. Makampuni mengine nayo yakaleta za kwao. Tukumbuke ilivyokuwa. Hapakuwa na semina, wala hapakuwa na kitabu cha kiada. Muuza mchicha, fundi viatu, bibi aliyeko kijijini anayesubiri pesa ya mbolea, wote walijifunza, tena kwa simu ya kitochi yenye kioo kidogo kama kiberiti. Na pesa, bwana, si kitu ambacho mtu hukifanyia majaribio.

Waliwezaje? Hebu tazama huduma yenyewe inavyozungumza na mtu. Unabonyeza nyota 150 nyota 00 reli. Inakuletea orodha kwa Kiswahili, kila jambo na namba yake: kutuma pesa, kutoa pesa, kulipa. Unachagua moja. Inakuuliza swali, unajibu. Inakuuliza la pili, unajibu. Kabla shilingi haijatoka inakutajia jina la mtu unayemtumia, ili uhakikishe ni yule yule. Ndipo inadai namba ya siri. Mambo yakiisha unapata ujumbe: umetuma kiasi hiki, kwa fulani, salio lako ni hili. Ukipotea njiani unatoka tu, na hakuna kilichoharibika. Ni kama karani mwema wa dirishani, wale wa zamani, asiyekuruka hata hatua moja.

Sasa weka kitochi pembeni, chukua simu ya kupangusa, fungua WhatsApp, au Facebook, au Instagram. Karani hayupo. Pana ukuta wa vialama vya picha, na vingi havina neno lolote chini yake la kukuambia ni vya nini.

Picha hizo zina asili yake, na asili hiyo inaeleza mengi. Vile vijistari vitatu vilivyolaliana kwenye kona, ambavyo ukivigusa huleta orodha ya mambo, vilichorwa na Bwana Norm Cox kwa ajili ya kompyuta iliyoitwa Xerox Star, iliyotoka mwaka 1981 nchini Marekani. Kompyuta ile ilitengenezwa kwa ajili ya maofisi. Wabunifu wake walijiuliza, karani wetu anajua vitu gani? Wakachora majalada, karatasi na vikapu vya barua. Kwa karani wa Marekani ule ulikuwa msaada mkubwa, na waliofuata wakaiga. Ndiyo maana mpaka leo, kwenye simu nyingi, ukitaka kumtumia mtu picha unatafuta kibanio cha karatasi. Aliyefanya kazi masjala anaelewa papo hapo: barua imebaniwa na kiambatisho chake. Lakini aliyeuza samaki Feri maisha yake yote anaona kipande cha waya kilichopinda, na kwa kweli ndicho kilicho pale. Hata hao vijana wetu nao wamerithi mambo wasiyoyajua: programu kadhaa za kompyuta bado zinatumia picha ya disketi kwa maana ya kuhifadhi, na sijui ni kijana yupi wa miaka 18 aliyewahi kuishika disketi.

Alama isiyoeleweka angalau unaiona. Baya zaidi ni mambo yasiyo na alama kabisa. Ukitaka kufuta ujumbe, unaugandamiza kwa kidole kwa muda. Ukitaka kumjibu mtu mmoja ndani ya kundi, unausukuma ujumbe wake upande wa kulia. Nani amekuambia? Kioo hakijasema. Ni siri inayopita kutoka mtu hadi mtu, kama dawa ya mitishamba. Profesa mmoja wa Marekani, Donald Norman, aliandika kitabu mwaka 1988 kuhusu vitu vya matumizi ya kila siku, akatoa mfano wa milango ambayo mtu hajui aivute au aisukume. Alisema watu wakishindwa kufungua mlango wa namna hiyo hujilaumu wenyewe, ilhali kosa ni la aliyeutengeneza. Nadhani hakuna kauli inayowafaa watu wetu kuliko hiyo.

Hata hivyo, mpenzi msikilizaji, alama na vidole ni matatizo madogo. Mtu akifundishwa mara tatu anayashika. Lipo kubwa zaidi, na hilo halijifunzwi kwa kukariri.

Kazi yangu ni ya maikrofoni. Studio zetu zina taa nyekundu juu ya mlango. Ikiwaka, kila mtu, kuanzia mtangazaji hadi anayefagia ukumbi, anajua kuwa sasa neno likitoka limetoka. Ikizimika tunakohoa, tunacheka, tunamsengenya mhariri. Taa ile haimfundishi mtu ufundi wa mitambo. Inamwambia jambo moja tu: nani anakusikia saa hii. Maisha ya kawaida nayo yana taa zake. Mtu aliyekaa nawe jikoni unamnong'oneza. Barazani unapaza sauti kidogo. Mkutanoni unasimama, unakohoa kwanza, unachagua maneno. Zamani barua ya siri ilitiwa kwenye bahasha ikafungwa kwa mate, na postikadi, ambayo kila mtu wa posta angeweza kuisoma, tuliandikia salamu tu. Hatukuhitaji kufundishwa, mwili wenyewe ulijua.

WhatsApp haina taa. Kwa kidole kile kile, kwenye kisanduku kile kile cha kuandikia, kwa rangi zile zile, unaweza kumwandikia mkeo peke yake, au ukaandikia kundi la ukoo, ambalo tangu mwaka 2022 linaweza kufikia watu 1,024. Tofauti baina ya chumbani na uwanjani ni mstari mmoja wa jina juu ya kioo. Kisha kuna statasi, iliyoletwa mwaka 2017 kwa sura tunayoijua leo: picha au maneno yanayokaa saa 24 yakatoweka. Wengi huidhani kuwa ni kama kubandika picha ukutani mwa chumba chako. La hasha. Usipochagua vingine, itaonekana na watu uliohifadhi namba zao nao wakahifadhi yako: mwenye nyumba unayemkwepa, bosi uliyemwambia unaumwa, fundi cherehani unayemdai. Mwaka 2022 zikaja jumuiya, yaani makundi yaliyokusanywa chini ya mwavuli mmoja, na mwaka 2023 zikaja chaneli, ambako mmoja anasema na wengi wanasikiliza, kama sisi redioni. Vyumba vitano, na milango yote imepakwa rangi moja.

Nitawapa mfano wa nyumbani. Shangazi yangu ni mwalimu mstaafu. Ameshika chaki miaka 36. Yumo katika kikundi cha akina mama cha kufa na kuzikana, na siku hizi kikundi hicho kina kundi lake la simu ambamo hutangaziwa misiba, michango na zamu za kupika. Siku moja alikusudia kumwandikia dada yake, peke yake, kwamba mwenyekiti wao hajatoa mchango wa msiba uliopita ilhali kila siku anawadai wenzake. Maneno yale yakaangukia kwenye kundi, mbele ya akina mama 40 na ushee. Alipogundua, akagandamiza ujumbe kwa kidole kama alivyowahi kuonyeshwa, yakaja machaguo, akabonyeza la kufuta. Ujumbe ukatoweka. Akashusha pumzi. Siku mbili baadaye alikwenda msibani, akaona salamu zake haziitikiwi vizuri. Alikuwa amefuta kwenye simu yake tu. Kwenye simu za wenzake maneno yalikuwa yamekaa vile vile, na jina lake juu yake.

Ilibidi aende kwa mwenyekiti na wazee wawili na kilo mbili za sukari. Yakaisha. Lakini uhazini wa kikundi, ambao alikuwa aushike mwaka ule, ulikwenda kwa mtu mwingine.

Aliponipigia simu, nikamwamkia, akaitikia marahaba, sikusikia akiniuliza namna ya kufuta. Aliniuliza hivi: "Mwanangu, nikiandika hapa, nani anasoma?"

Swali hilo linaweza kuonekana la mtu asiyejua kitu. Kwa maoni yangu ndilo swali bora kuliko yote ambayo mtu anaweza kuuliza juu ya mitandao hii, na vijana wetu wenye vidole vyepesi hawaliulizi. Wepesi wa vidole si ufahamu. Kijana anayejua kukata video, kuweka muziki na kubadili rangi ya uso wake kwa dakika 2 ndiye huyo huyo anayeweka statasi ya kumtukana mwajiri ambaye namba yake ameihifadhi. Shangazi anachanganyikiwa kwa sababu anatafuta taa ambayo alistahili kuikuta. Kijana hachanganyikiwi kwa sababu hajui kuwa taa huwa zipo.

Turudi kwenye lile la kufuta, maana lina maelezo yake. WhatsApp iliruhusu kufuta ujumbe kwa watu wote mwishoni mwa mwaka 2017. Kabla ya hapo ukituma umetuma. Tangu wakati huo yapo machaguo mawili yaliyokaa jirani: kufuta kwa wote, na kufuta kwako tu. Mtu aliyeshikwa na kihoro hasomi. Anabonyeza neno "futa" la kwanza analoliona. Na kwamba kosa hili si la wazee peke yao, wenye programu wenyewe wanajua, kwani Desemba 2022 waliongeza nafasi ya sekunde 5 za kutengua kwa aliyebonyeza "futa kwangu" bahati mbaya. Sekunde 5! Shangazi yangu huchukua zaidi ya hizo kutafuta miwani.

Na zile tiki, ambazo zimevunja uchumba wa watu. Tiki moja ya kijivu maana yake ujumbe umetoka kwenye simu yako. Mbili za kijivu, umefika kwenye simu ya mwenzako. Zikigeuka buluu, ameufungua. Rangi hiyo ilianza Novemba 2014. Kwenye kundi, tiki hazigeuki buluu mpaka kila mmoja awe ameufungua. Zaidi ya hapo hazisemi kitu. Tiki moja iliyoganda siku nzima yaweza kuwa simu imezimika, yaweza kuwa mwenzako hana bando, yaweza kuwa amekubloku. Chombo kinajua, wewe hujui, na hakikuambii. Kufungua ujumbe nako si kuusoma, na kuusoma si kuwa na la kujibu. Mchumba wa watu anaweza kuwa yuko kwenye daladala amening'inia mlangoni.

Msikilizaji makini atauliza: kama M-Pesa iliweza kuwa karani mwema, hawa wengine wameshindwa nini? Wahandisi wao si hodari? Hodari wapo, tena wanalipwa vizuri. Tofauti iko kwenye faida. Huduma ya kutuma pesa inapata ada pale unapokamilisha shughuli yako salama. Ukipotea njiani, kampuni imekosa ada. Kwa hiyo ina kila sababu ya kukushika mkono mpaka mwisho. Mtandao wa kijamii hauishi kwa wewe kumaliza shughuli ukaenda zako. Facebook na Instagram zinaishi kwa matangazo ya biashara, na matangazo yanahitaji macho yanayokaa. Duka la namna hiyo halina haja ya kukuonyesha mlango wa kutokea.

WhatsApp yenyewe haikuanza hivyo. Ilianzishwa mwaka 2009 na Jan Koum na Brian Acton, watu wawili waliokuwa wamefanya kazi Yahoo, na walijulikana kwa kuyakataa matangazo. Ilikuwa duka la sukari na chumvi: unaandika, mwenzako anasoma, basi. Februari 2014 Facebook ikatangaza kuinunua kwa dola bilioni 19. Tangu hapo rafu zimekuwa zikiongezwa. Ile statasi ya saa 24 asili yake ni Snapchat, iliyoanza nayo mwaka 2013. Instagram ikaiga mwaka 2016, kisha WhatsApp na Facebook yenyewe mwaka 2017. Hakuna shangazi aliyeiomba. Iliwekwa kwa sababu duka la jirani lilikuwa nayo. Mwaka 2025 kampuni ikatangaza kuwa sehemu hiyo ya statasi itabeba matangazo ya biashara. Mtu akiniambia anaona programu hii imejaa vitu visivyomhusu, namjibu kuwa macho yake ni mazima.

Juu ya kuongeza, wanahamisha. Mtu asiye fundi hujifunza chombo kwa mahali, kama unavyojua swichi ya taa ya chumbani kwako gizani. Sasa fikiria uamke usiku ukute swichi imehamia nyuma ya kabati, na hakuna aliyekupa taarifa. Mwaka 2015 Twitter ilibadili nyota yake ikawa moyo. Julai 2023 ikabadili hata jina, ikaitwa X, na yule ndege wa buluu tuliyemzoea akaruka asirudi. Mwaka 2024 WhatsApp kwenye simu za Android ilishusha vitufe vyake vikuu kutoka juu ya kioo hadi chini. Kwa kijana ni jambo la dakika. Kwa aliyejifunza kwa taabu, ni kama kurudishwa darasa la kwanza.

Lugha nayo ina sehemu yake, ingawa si kubwa kama tunavyodhani. Facebook ilipata sura ya Kiswahili mwaka 2009, na simu nyingi leo zinaweza kuwekwa kwa Kiswahili. Mbona basi wengi wetu tumeziacha kwa Kiingereza? Kwa sababu mwalimu wetu, yaani yule mjukuu, amejifunza kwa Kiingereza na hajui Kiswahili chake. Na tafsiri zenyewe nyakati nyingine zinatufunga. Neno "kuhifadhi" tunalitumia kwa kuweka picha kwenye simu, kwa kuweka nakala ya akiba mahali pengine, na kwa kuyaondoa mazungumzo mbele ya macho bila kuyafuta. Hayo ni mambo matatu mbalimbali. Asiyejua tofauti anaweza kuuza simu ya zamani akiamini picha za marehemu baba yake zimehifadhiwa.

Nimemtaja mjukuu. Naomba niseme naye kidogo, kwa upole. Bibi anauliza, "Nitumeje picha?" Mjukuu anasema, "Lete hapa bibi!" Anapokonya simu, vidole vinaruka tap tap tap, anairudisha: "Haya, imekwenda." Bibi amejifunza nini? Amejifunza kwamba jambo hili ni la haraka, ni la watoto, na yeye limempita. Kesho hataomba tena. Anayefundisha kuendesha gari hakai yeye kwenye usukani. Mwache bibi aishike simu mwenyewe, mwache akosee mbele yako kwa kukuandikia wewe peke yako, na umwambie siyo tu "bonyeza hapa" bali "ukibonyeza hapa, fulani na fulani wataona." Itachukua nusu saa, pengine na kikombe cha chai.

Nasema hivi kwa sababu mkanganyiko huu una watu wanaoula. Matapeli wameugeuza kuwa shamba. Nieleze mchezo mmoja unavyokwenda, kwa maana umewaliza wengi. Akaunti ya WhatsApp hufunguliwa kwa namba ya simu. Mtu akiiandika namba yako kwenye simu yake yeye, mtandao hutuma tarakimu 6 kwa ujumbe mfupi kwenye simu yako wewe, ili kuhakikisha kuwa mwenye namba ndiye anayefungua. Tarakimu hizo ndizo ufunguo. Muda huo huo unapokea ujumbe au simu kutoka kwa mtu unayemjua: "Samahani mama, nimetuma namba kwako kimakosa, naomba unirudishie." Ni mtu wa kundi lenu kweli, au ndivyo jina linavyosema, kwa kuwa naye alikwisha kuibiwa jana. Unamtumia. Papo hapo akaunti yako inahama, na simu yako inabaki kama redio isiyo na betri. Baada ya robo saa, ndugu na wana kikundi wanasoma kwa jina lako na picha yako: "Nimekwama hospitali, nitumie laki mbili, jioni nakurudishia." Wanatuma. Nani atakataa?

Wapo watakaosema, mama huyo alikuwa mzembe. Sikubali. Kwa miaka kadhaa mama huyo amezoeshwa kupokea tarakimu asizojua maana yake, kubonyeza "kubali" kwenye maelezo marefu ambayo hata wanasheria hawayasomi, na kutii chochote ambacho kioo kinadai. Mtu aliyezoeshwa kutii bila kuelewa, tapeli hana kazi ya kumfundisha upya.

Basi leo jioni, ukiwa na mtu wa kukusaidia, fanya mambo haya. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya akaunti, utafute uthibitisho wa hatua mbili. Uliletwa mwaka 2017, na watu wachache ninaowauliza wameuwasha. Unachagua mwenyewe tarakimu 6 nyingine, ambazo hazitumwi kwa ujumbe bali zinakaa kichwani mwako; tapeli akipata zile za kwanza, hizi zitamzuia. Palepale kwenye mipangilio, sehemu ya faragha, kuna nafasi iliyoongezwa mwaka 2019 ya kuamua nani anaweza kukuingiza kwenye kundi. Ukiiacha wazi, mtu yeyote mwenye namba yako anaweza kukutumbukiza katikati ya watu usiowajua. Tazama pia vifaa vilivyounganishwa, hasa kama simu yako iliwahi kulala kwa fundi. Ukikuta kompyuta usiyoijua imo kwenye orodha, itoe. Kuna mtu amekuwa akisoma pamoja nawe. Na kwa Tanzania, namba ya tapeli unaweza kuiripoti kwa kutuma ujumbe kwenda 15040.

Kuhusu shangazi, mtindo wake siku hizi ni huu: kabla ya kutuma chochote analisoma kwa sauti jina lililo juu ya kioo, kama alivyokuwa akiita mahudhurio darasani. Wajukuu wanamcheka. Juzi ameniambia amelikuta jina la mtu aliyefariki mwaka jana bado limo kwenye kundi la michango, na ujumbe wa kumdai unakwenda kwake kila mwezi. Anataka kujua nani mwenye mamlaka ya kumtoa. Hilo la akaunti za marehemu, na nani anarithi picha na barua zao, tutalizungumza juma lijalo, panapo majaliwa.